Doh ya Friji

Kila asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo wa gari, Hezekiah Amugune aliingia jiko la nje, akaweka kiganja cha kulia ubavuni mwa friji kuukuu la vinywaji, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Friji lilinguruma. Alisubiri kidogo, kisha akatoa sauti moja nyembamba kupitia puani, yenye urefu wa pumzi moja, akaikata. Halafu alisukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akatema kwenye karo, akachukua chai yake na kwenda kuwapeleka watoto shule.

Niliosha vyombo kando yake kwa miezi mitatu kabla ya kujua anachokifanya. Sikumuuliza. Aliyenieleza ni Priscah, mwanamke wa Nandi aliyefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye hakuna jambo la mtaa ule lililompita.

"Anatafuta doh, noti ya kuanzia wimbo," alisema. "Wengine wakiamka wanatafuta simu, yeye anatafuta doh. Tunamwita mume wa friji."

Ilikuwa mwaka 2013, Riyadh. Nilikuwa nimefika na digrii ya ualimu wa fizikia na tangazo la kazi lililosema natakiwa kufundisha watoto. Kwenye mkataba niliosaini uwanja wa ndege iliandikwa mfanyakazi wa nyumbani. Madam hakuwa mtu mbaya. Baada ya mwaka mmoja aliniruhusu nitoke kwa muda wa saa mbili kila Ijumaa mchana, mradi nitoke na dereva na nirudi na dereva. Dereva alikuwa Hezekiah. Hivyo ndivyo nilivyokuja kumjua, ndani ya gari, yeye mbele, mimi nyuma, katika barabara zilizokuwa tupu kwa sababu mji mzima ulikuwa ukila au umelala.

Alizaliwa Vihiga, mtoto wa mwisho wa fundi wa viatu. Wavulana wenzake walipobaleghe sauti zao zilishuka. Yake ilishuka kidogo, ikasimama, ikaanza kupanda upya. Walimcheka. Mwalimu wa kwaya wa shule ya sekondari, Mwalimu Ephraim, hakucheka. Alimweka katika sauti ya tatu, safu ya wanaume wa juu, akamwambia asije akaihama hata akipewa zawadi.

Shule ile ilikuwa na uma wa sauti mmoja, kile chuma chenye meno mawili ambacho mwimbishaji hukigonga gotini ili kwaya nzima ianzie mahali pamoja. Mwaka ambao Hezekiah aliingia kidato cha pili, uma ule ulipotea. Mwalimu Ephraim hakuwa na namna ya kununua mwingine, lakini alikuwa na masikio. Aliwapeleka wanakwaya langoni, chini ya transfoma ya umeme, akawaambia wanyamaze. Transfoma ilikuwa ikinguruma. "Hiyo," akasema, "ndiyo doh yenu, na haina bili." Kuanzia siku hiyo wanafunzi wake wote, popote walipokwenda, walianzisha nyimbo kwa kusikiliza kitu chochote cha umeme: transfoma, friji, mashine ya kusaga. Kilinguruma palepale, na wimbo ulikaa palepale.

Kwa doh hiyo Hezekiah aliimba zaburi moja ambayo Mwalimu Ephraim aliitunga mwenyewe, yenye kipande cha sauti ya tatu pekee, wengine wote wakiwa wamenyamaza. Kipande hicho kilifika juu sana na kukaa huko. Walikipeleka mpaka tamasha la taifa. Watu wazima walisimama. Picha ya siku hiyo, Hezekiah akiwa na miaka kumi na tisa, sare imembana mabegani na mdomo wazi, alikuwa ameibandika nyuma ya kizuia-jua cha gari. Akitaka kukinga macho, alijiona.

Baada ya hapo maisha yalimpeleka kama yalivyowapeleka wengi. Alifundisha kwaya za kanisa bila malipo, akabeba matofali, wachumba wawili wakachoka kumsubiri. Mwaka 2011 ajenti mmoja wa Nairobi alipanga vijana mstari akauliza nani ana leseni ya udereva. Mwaka wake wa kwanza hakuendesha chochote. Aliwekwa Sulay, pembezoni mwa Riyadh, katika ghala la sabuni ya unga, akishusha magunia pamoja na kijana wa Kisii aliyeitwa Dominic. Gunia likipasuka, hewa iligeuka nyeupe. Hezekiah alijifunga kitambaa cha maji mdomoni, wenzake wakamwita bibi harusi. Alipohamishiwa kwa kafili wa nyumba yetu, mwajiri mdhamini tuliyemwita baba, jambo la kwanza alilouliza ni kama karibu kuna vumbi.

Haya yote alinisimulia vipande vipande, na katikati yake alichomeka kisa kingine, cha Mjerumani.

Mjerumani huyo aliishi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwalimu Ephraim alikuwa na kitabu kilichoachwa na mmishonari, na kila mwaka aliwasimulia sauti ya tatu wapya habari za mtu huyo, mwana wa mtengeneza mapipa, aliyeimba huku akigonga pete za chuma kwenye mbao za pipa mpaka siku moja msimamizi wa jumba la opera akapita na gari la farasi akasimamisha. Opera, Mwalimu alieleza, ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba tu kuanzia kilio hadi kifo. Mjerumani alijifunza kusoma noti akiwa na miaka ishirini. Akafika miji mikubwa. Usiku mmoja wa theluji watu walifungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe mpaka hotelini.

"Halafu?" niliwahi kusema.

"Halafu tumefika," alisema Hezekiah, na kweli tulikuwa tumefika. Kila mara kisa kiliishia hapo kwenye theluji.

Tulipofika ni mtaa wa Shumaisi, katika jengo la ghorofa tatu lenye ngazi za giza, mahali Dominic alipokuwa amepanga chumba na sebule. Tulikuwa Wakenya kumi na watatu wakati wengine wetu waliruhusiwa, saba wakati hawakuruhusiwa, karibu wote wanawake wa kazi za ndani. Tulikutana kuomba na kuimba. Kila mmoja alijua kwamba hilo halikuwa jambo la kufanya kwa sauti, kwa kuwa ibada yetu ilikatazwa nchini humo. Viatu viliingizwa ndani, mapazia yakafungwa, kiyoyozi cha dirishani kikawashwa hata wakati wa baridi. Kiyoyozi kile kilikuwa kizee, kiliunguruma chumba kizima. Hezekiah aliweka kiganja juu yake, akatoa doh, nasi tukaimba kwa unong'ono, sauti zote nne, midomo karibu imefungwa.

Wimbo ulipoanza tu, yeye alitoka. Alifungua mlango taratibu, akasimama kwenye ngazi muda wa ubeti mzima, kisha akarudi, akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akaingia katika nafasi yake. Hakukosa kufanya hivyo hata Ijumaa moja. Nilidhani alikuwa akipima kama sauti zetu zimelingana, kwa sababu ndani ya chumba mwimbishaji hasikii vizuri.

Kulikuwa na jambo moja lililowasumbua wanawake. Nyimbo walizozijua tangu utotoni zilikuwa zimewashinda. Priscah, aliyeimba sauti ya kwanza tangu akiwa shule ya msingi, alikuwa akikwama njiani.

"Hizi nyimbo zilipandishwa lini?" aliuliza. "Ama ni mimi nimezeeka kwa kufua mazulia?"

"Ni hewa kavu," alisema Hezekiah.

Priscah alisema hewa kavu haijawahi kumfanya mtu awe mfupi. Tukacheka kwa pua. Hezekiah hakucheka. Nilimwona akimeza mate kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni.

Mapema mwaka 2015 ilikuja barua ya Mwalimu Ephraim, imepigwa picha na kutumwa kwa simu. Alikuwa anastaafu Desemba. Wanakwaya wa zamani wangekutana shuleni kuimba zaburi ile mara ya mwisho akiwaongoza, na kipande cha sauti ya tatu pekee hakumpa mtu. Mkataba wa Hezekiah ulikuwa unaisha Novemba. Alinionyesha barua tukiwa tumesimama kwenye taa.

Watu tuliowajua walitaka kurudi na kiwanja, au mabati, au karo ya mdogo wao. Hezekiah alisema, "Mimi nataka nirudi na sauti. Hiyo tu. Niliyokuja nayo."

Wiki hiyohiyo nilianza kumsikiliza kwa makini, na nilichosikia hakikunipendeza. Sauti yake ya asubuhi pale kwenye friji ilikuwa na mkwaruzo mwanzoni, kama mlango uliovimba. Kufikia Machi mkwaruzo ulikuwa umefika katikati. Aliongeza chumvi kwenye maji. Aliacha kuongea na simu. Siku ya tufani ya vumbi, anga lilipogeuka rangi ya matofali na madam akaamuru taulo mbichi ziwekwe chini ya milango, alikohoa tangu asubuhi hadi jioni. Kesho yake nilipoenda kuosha karo nilikuta alama ya wekundu, ndogo kama ukucha wa mtoto. Niliifuta. Asubuhi iliyofuata ilikuwepo tena.

Nilijua kitu kinamla, na nilidhani ni sabuni ya Sulay. Lakini nilipokuwa nikivuta friji lile nifagie nyuma yake, nilisoma kibandiko cha chuma kilichoko mgongoni. Kilitaja aina ya umeme. Sijui kwa nini sikuwa nimewaza jambo hilo kabla, mimi niliyelifundisha darasani. Umeme hutetemeka. Kwetu Kenya unatetemeka mara hamsini kwa sekunde, na ndiyo maana transfoma ya Vihiga na friji ya Nairobi zinanguruma sauti moja. Riyadh unatetemeka mara sitini. Kila kitu cha umeme katika mji ule kilinguruma juu zaidi, na doh ya Hezekiah ilikuwa imepanda pamoja nacho, kiasi cha vibonye vitatu vya piano. Kwa mwanamke anayenong'ona hilo ni kero. Kwa mwanaume wa sauti ya tatu, anayepanda huko juu na wakati huohuo anajizuia asisikike, ni kama kubeba gunia kwa mkono ulionyooshwa. Alikuwa amelibeba miaka minne.

Sikumwambia. Niliogopa kumwambia mtu mzima kwamba amejiharibu mwenyewe. Nilimwambia Priscah, ambaye alikuwa karibu kwenda likizo, na Priscah alisema jambo kama hilo halisemwi, linaonyeshwa. Alimpigia Mwalimu Ephraim.

Priscah alirudi Mei akiwa na uma wa sauti kutoka kwa Mwalimu, umefungwa ndani ya soksi ya mtoto katikati ya unga wa wimbi. Ijumaa hiyo alimpa Hezekiah mbele yetu sote. Hezekiah aliugeuza mkononi muda mrefu. Aliugonga gotini, akauweka sikioni. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akasogea kwenye kiyoyozi na kuweka kiganja.

Hata mimi niliyeimba vibaya kuliko wote nilisikia. Uma ulikuwa chini, mashine ilikuwa juu, na kati yao kulikuwa na pengo ambalo mtu angeweza kutumbukia.

"Haya, mume wa friji," alisema Priscah. "Umekuwa ukidanganywa."

Wote walifurahi. Nilieleza habari za mitetemo nikitazama zulia, na Dominic, aliyeimba sauti ya nne, akasema sasa anaelewa kwa nini yeye peke yake hajawahi kuumwa koo. Hezekiah aliurudisha uma ndani ya soksi na kusema leo tuimbe kama tulivyozoea. Walimpigia kelele za chini kwa chini. Priscah alimwambia kwamba Mwalimu hakutuma chuma kile kivuke bahari ili kikae kwenye soksi. Nami, ambaye sikuwahi kumwambia mtu chochote katika chumba kile, nilisema, "Kaka, itakuponya. Tafadhali."

Aliniangalia. Aliugonga uma, akatupatia doh ya kwao Vihiga.

Tulianza zaburi ya Mwalimu Ephraim. Alikuwa ametufundisha mwaka mzima, sauti zote, na hatukuwahi kuijua. Ubeti wa kwanza ulipofika katikati tulitazamana. Ilikuwa kama kuvua viatu vya mtu mwingine. Hezekiah aligeuka kwenda mlangoni, kama kawaida yake, nami nilikuwa nimesimama njiani. Nilimwambia asitoke. Nilisema leo abaki, tumsikie.

Alibaki. Kipande chake kilipofika, tukanyamaza. Alikuwa bado ananong'ona, naamini alikuwa akijaribu kunong'ona, lakini sauti ilikuwa imepata nafasi yake na ikafunguka yenyewe. Haikuwa kubwa. Ilikuwa safi, imesimama wima katikati ya chumba, juu ya mngurumo wa kiyoyozi na mbali nao kabisa. Mwanamke mmoja aliweka mtandio mdomoni. Dominic alifumba macho. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba Desemba itawezekana.

Mlango ulibishwa mara tatu.

Hakuna aliyesogea. Hezekiah alifunga mdomo katikati ya neno. Dominic aliwasha televisheni, akafungua mlango kiasi cha uso wake. Aliyebisha alikuwa harisi, mlinzi wa jengo, mzee mpole aliyetubebea mifuko mara nyingi. Aliuliza kwa Kiarabu kama kuna arusi, kwa sababu familia ya chini imesikia mtu akiimba vizuri sana wakataka kujua. Dominic alisema ni televisheni. Harisi alisema ndiyo, televisheni. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka sakafuni, nyuma ya mguu wa Dominic, ambako tulikuwa tumepanga viatu vyetu. Jozi kumi za kike, mbili za kiume. Alivitazama kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Halas," alisema kwa upole, yaani basi, akashuka.

Tulitoka wawili wawili, kila baada ya dakika kumi. Ngazi za jengo lile zilikuwa na milango sita, na mlango wa ghorofa ya chini ulikuwa wazi kiasi cha kidole. Hezekiah aliendesha akitazama kioo cha nyuma mpaka tukavuka barabara kubwa. Mimi niliomba kimya asiseme kitu, maana ni mimi niliyemsihi autumie uma.

Jumanne yake wakala wa mwenye nyumba alimwambia Dominic atafute pengine. Hakutoa sababu na Dominic hakuuliza. Hakuna aliyekamatwa. Lakini habari ina miguu, na ndani ya mwezi ule madam wa Priscah aliacha kumtoa siku za Ijumaa. Alichukua simu yake pia. Nilimwona Priscah mara mbili tu baada ya hapo, juu ya ukuta wa paa akianika mashuka, na mara ya pili hakuinua mkono. Wengine watatu hawakurudi. Mmoja wao tulisikia amerudishwa kwao, mwingine hatukusikia kitu.

Dominic alipata chumba hukohuko Shumaisi, nyuma ya duka la fundi wa nguo. Hakikuwa na kiyoyozi, lakini kilikuwa na friji. Tulipokutana tena tulikuwa sita. Hezekiah alikuwa na uma mfukoni. Niliona ncha ya soksi. Aliweka kiganja juu ya friji, akainama, akatoa doh ya juu.

Nilisema tunaweza kutumia uma na kupunguza sauti. Nilisema tutanong'ona zaidi.

"Hii ni sawa," alisema.

Dominic naye alijaribu, kwa utani. Alimwambia kwamba mwanaume akipewa chuma kizuri na akarudi kwa friji, basi kweli ni ndoa. Hezekiah alitabasamu, akaanzisha wimbo, akatoka kwenda kusimama nje ya mlango muda wa ubeti mzima.

Siku hiyo, tukirudi, ndipo aliponimalizia habari za Mjerumani. Sikuwa nimemwomba. Alisema katika miaka ile wapiga vyombo wa majumba ya opera walikuwa wakikaza nyuzi zao juu kidogo kila mwaka, ili muziki wao ung'ae kuliko wa jumba la jirani. Wasikilizaji walipenda. Nyuzi hazina koo. Mjerumani aliwaandikia wasimamizi barua, akaomba jambo moja tu, washuke mpaka mahali alipoanzia. Walimjibu kwamba wapiga vyombo ni themanini na yeye ni mmoja. Aliendelea kuimba. Akiwa na miaka thelathini na minane alisimama jukwaani, ala zikamfungulia njia, akafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakasubiri.

"Alirudi kwa mapipa," alisema Hezekiah. "Mwalimu anasema alikuwa anayatengeneza vizuri."

Nilifanya hesabu kichwani. Hezekiah alikuwa na miaka thelathini na minne.

Kilichofuata kilifika taratibu, kwa mpangilio ambao ningeweza kuuchora. Juni alipoteza noti ya juu kabisa. Mwezi wa Ramadhani, tulipokuwa tukipika hadi usiku na yeye akipeleka vyakula nyumba za ndugu wa baba, alianza kunijibu kwa kichwa. Agosti daktari wa zahanati alimwangaza kooni, akamwambia kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akae kimya wiki sita bila hata kunong'ona, hasa bila kunong'ona. Dereva anaweza kukaa kimya wiki sita. Baba alikubali, hata alifurahi. Lakini siku za Ijumaa hakukuwa na mwingine wa kuishika sauti ya tatu, na bila hiyo wanawake walipotea njia na kuanza kupandisha sauti wakitafutana. Aliimba. Niliketi nikisikiliza mkwaruzo ukifika mwisho wa kila mstari, na nilimkasirikia. Niliona ukaidi. Niliona mtu aliyeletewa dawa akaiweka kwenye soksi kwa sababu aliaibishwa mbele ya wanawake.

Ijumaa ya pili ya Oktoba alifungua mdomo atoe doh na haikutoka. Alijaribu tena. Hewa tu. Alisimama na kiganja kwenye friji, friji likiendelea na kazi yake, nasi tukasubiri kama wale watu wa Ujerumani. Kisha Dominic akaanza yeye, chini mno, wimbo ukatufia mdomoni.

Mwezi uliofuata baba alihamishiwa ofisi ya Jeddah, nasi tukaenda na nyumba nzima, masanduku, vyombo, mazulia, mimi na dereva. Mkataba wake ulikuwa umeisha. Baba alimwuliza kama anataka tiketi ya kwenda nyumbani kama ilivyoandikwa. Hezekiah aliomba aongezewe mwaka. Katika nyumba ya Jeddah friji lilikuwa jipya, liko mlangoni kabisa mwa jiko la nje. Alilipita kila asubuhi bila kuligusa, akachukua chai, akaondoka. Maji ya chumvi aliacha. Picha iliyokuwa nyuma ya kizuia-jua haikuwepo tena.

Jumamosi ya sherehe ya Mwalimu Ephraim, madam alitutuma mtaa wa Sharafiya kuchukua simu iliyokuwa ikitengenezwa. Fundi hakuwa amemaliza. Tulingoja ndani ya gari, kando ya ofisi ya kutuma pesa, watu wakipita na risiti mikononi, wengine wakiongea na nyumbani kwa sauti za juu za watu walio mbali. Simu ya Hezekiah ililia. Alitazama jina, akaacha ilie, ikalia tena. Akaniashiria niipokee mimi.

Ilikuwa ni kwaya. Mtu aliishika simu juu, nikasikia upepo, viti, watoto, kisha sauti ya mzee ikiomba utulivu. Mzee alisema kwa simu, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba anajua Hezekiah anaumwa, kwamba wataimba tu na kipande chake wataacha wazi, wanyamaze urefu wa kipande hicho, ili mwenyewe akisikie alipo. Niliweka simu kwenye dashibodi. Waligongewa uma. Wakaanza.

Ilikuwa doh ya kwao. Zaburi ilikaa chini, pana, bila haraka. Ilipofika mahali pake, walinyamaza wote. Simu ilitoa mchakacho mdogo wa hewa ya Vihiga. Hezekiah alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Midomo yake ilikwenda, neno kwa neno, na nilisikia pumzi ikipita mahali sauti ilipokuwa ikikaa. Kisha kule wakaingia tena, sauti zote nne, wakamaliza, watu wakapiga makofi, simu ikakatika.

Fundi alitoka akatuonyesha vidole vitano, dakika tano. Nilimfikiria Priscah juu ya paa, na jozi zile kumi za viatu, na harisi akivitazama. Nilikumbuka Hezekiah akigeuka kwenda mlangoni nami nikiwa nimesimama njiani. Nilikumbuka kwamba alipopewa uma hakushangaa. Ni mimi niliyeshangaa, ndiyo maana sikuona.

Katika miaka miwili sikuwa nimemwuliza swali lolote ambalo jibu lake lingeweza kuniumiza. Niliuliza hilo moja. Nilimwuliza alijua lini kwamba doh ilikuwa juu mno.

Alingoja mpaka kundi la watu lipite dirishani. Alilazimika kuinama kuelekea kiti cha nyuma ili nimsikie, na hata hivyo nilimsikia nusu kwa masikio, nusu kwa kutazama mdomo wake.

"Ijumaa ya kwanza," alisema. "Nilitoka nje nikasikiliza. Tukiimba kwa doh ya kwetu, nilisikia watu. Tukiimba kwa doh ya mashine, nilisikia mashine tu."